Amali, jumla au VETA: ulinganisho kwa mzazi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hutoka mwezi Desemba, na Januari shule zinafunguliwa. Katikati hapo familia nyingi, kuanzia Tunduma hadi Ilula, zina wiki chache tu za kuamua. Mtoto aende sekondari ya kawaida aliyopangiwa? Atafutiwe sekondari ya Serikali yenye mkondo wa amali, yaani masomo ya darasani pamoja na fani ya kazi kama umeme au ushonaji? Au aachane na kidato, aingie moja kwa moja chuo cha ufundi stadi?

Tuzitaje njia zenyewe kwanza, maana majina yanachanganya.

Njia ya kwanza ni sekondari ya amali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeigawa sekondari ya chini katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Wa amali ulianza na kidato cha kwanza cha 2024 katika baadhi ya shule. Humu tunazihesabu pia shule kongwe za ufundi: Iyunga ya Mbeya, na Ifunda ya Iringa iliyoanza miaka ya 1950 kwa kufundisha mafundi stadi.

Njia ya pili ni sekondari ya jumla, kwa wengi ile ya kata, kisha chuo cha kati baada ya kidato cha nne: MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kinachotoa pia stashahada), kilichoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, au MATI Uyole, chuo cha kilimo, kwa wanaotaka kilimo.

Njia ya tatu ni vyuo vya VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (Mbeya, Iringa, Makete na vyuo vya wilaya), pamoja na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kama Nzovwe, Ilula na Ulembwe.

Tunazipima kwa vigezo vitano: mlango wa kuingilia, muda ambao mkono wa mwanafunzi unagusa kifaa, cheti anachotoka nacho, fedha, na milango inayobaki wazi mbele. Sifa ya shule mtaani hatukuiweka. Sifa hubaki miaka ishirini baada ya mashine kuacha kuzunguka.

Mlango wa kuingilia

Kwenye amali mzazi hachagui sana. Baada ya mtihani wa darasa la saba, TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia halmashauri na shule zake, ndiyo hupanga, na shule za ufundi za bweni huchukua wenye alama za juu. Kinachobaki mikononi mwako ni mambo mawili. Kama shule aliyopangiwa ina mikondo yote miwili, zungumza na mkuu wa shule wiki ya kwanza kabisa, kabla orodha za fani hazijafungwa. Kama haina, omba uhamisho.

Uhamisho wengi huuanza kinyumenyume. Huandika barua kwa shule anakotoka mtoto, barua ikapitishwa, kumbe anakotaka kwenda kumejaa. Anza na mkuu wa shule anayepokea: athibitishe kwa maandishi kwamba nafasi ipo, na ipo kwenye fani gani. Ukishapata hiyo, nenda shule anakotoka, kisha ofisi ya elimu sekondari ya halmashauri. Akivuka mkoa, faili lina safari ndefu zaidi. Ukichelewa hadi kidato cha pili, mtoto aliyeanza umeme atakuta shule mpya ina ushonaji na uselemala tu, na mwaka mzima wa fani utakuwa umepotea.

Kwa sekondari ya jumla mlango wa kwanza hauna shida. Wenye masharti ni ule wa baada ya kidato cha nne. Cha chini cha kuingilia stashahada ni ufaulu wa D nne katika masomo yasiyo ya dini, na kwa fani za uhandisi wanatazama Hisabati, Fizikia na Kemia. Kidato cha tano kinataka C tatu. Hapa kuna kosa linalorudiwa kila mwaka: mwanafunzi akijaza Selform, fomu ya kuchagua masomo na vyuo vya baada ya kidato cha nne, huorodhesha tahasusi (michepuo ya masomo) za kidato cha tano tu, sehemu ya vyuo akaijaza ovyo au akaiacha. Matokeo yakitoka na C mbili, hana alichokiomba.

VETA wana fomu zao na mtihani wa kujiunga. Maombi hufanyika mwishoni mwa mwaka na masomo huanza Januari. Fani kadhaa humpokea aliyeishia darasa la saba, nyingine zinataka kidato cha nne, hivyo soma masharti ya fani badala ya masharti ya chuo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi ndivyo vyenye mlango mpana kuliko wote. Binti aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anapokelewa huko, na vingi vina mahali pa kumwacha mtoto mama akiwa darasani. Baada ya waraka wa Novemba 2021 anaweza pia kurudi sekondari, lakini kunyonyesha na kuwahi namba saa moja na nusu asubuhi ni vitu viwili visivyoelewana.

Mkono juu ya kifaa

Kigezo hiki ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho wazazi hukipita juu juu kwa sababu karakana huonyeshwa ikiwa imefagiwa.

Piga hesabu. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Viwili vikiunganishwa ni dakika 80. Darasa lina wanafunzi 40 na karakana ina mashine nne za kuchomelea. Kila mashine ina watu kumi, kila mtu ana dakika nane, na humo humo kuna kuvaa ngao, kubana waya wa kurudishia umeme na kusubiri mwalimu akague. Kipindi kama hicho kikiwa kimoja kwa wiki, mwaka mzima mtoto hafikishi saa sita za kushika mashine. Shule hiyo hiyo ikigawa darasa makundi mawili, moja likiwa karakana na lingine kwenye uchoraji wa kiufundi, muda unazidi mara mbili bila kununua chochote. Kwa hiyo usiulize mashine ngapi zipo. Uliza darasa linagawanywaje.

Pigo la pili ni vitu vinavyokwisha. Kilo moja ya rodi za kuchomelea za milimita 2.5 ina takriban rodi hamsini. Anayejifunza akichoma kumi kwa zoezi, wanafunzi 40 wanamaliza kilo nane kwa siku moja. Kwenye umeme ni hadithi ile ile: waya wa milimita za mraba 1.5 wa taa na wa 2.5 wa soketi hukatwa, huvuliwa ganda, hukatwa tena, na baada ya miezi miwili vimebaki vipande vya urefu wa kidole. Shule ambayo bajeti yake ya malighafi hutegemea fedha zinazoingia kwa kusuasua hufundisha ufundi ubaoni kuanzia mwezi wa tano. Utaijua kwa daftari: ukikuta mwanafunzi wa fani ana kurasa nyingi za nukuu na hakuna kazi hata moja iliyotiwa alama kwenye rafu ya karakana, umeshapata jibu.

La tatu ni umeme wenyewe. Mashine za kukereza chuma na randa kubwa za mbao nyingi huhitaji umeme wa fezi tatu, yaani wa nyaya tatu za moto badala ya mmoja. Jengo jipya likiunganishwa fezi moja, mashine hukaa na plastiki yake. Mwombe mwalimu awashe moja tu mbele yako.

Kwa mizani hii, VETA kwa kawaida ndiyo inayompa mwanafunzi saa nyingi karakana, kwa kuwa fani ndiyo ratiba yake. Fildi ipo pia, anapelekwa gereji, kiwandani au kwa mkandarasi. Fildi nayo ina ugonjwa wake. Kijana anaweza kukaa wiki nane akiosha vipuri na kutumwa chai. Daftari la fildi lenye sahihi ya msimamizi na maelezo ya kazi ya kila siku ndilo linalomlazimisha mwenye gereji kumpa kazi ya kuandikwa.

Amali inakaa katikati: saa chache kuliko VETA, lakini miaka minne mfululizo, na mtoto anajifunza fani akiwa bado na Hisabati, Kiingereza, Elimu ya Biashara na Historia ya Tanzania na Maadili kwenye ratiba. Shule kongwe za ufundi zina karakana zilizojengwa kwa kazi hiyo na mashine nzito za zamani ambazo, zikipata vipuri, hazichoki upesi. Shule zilizopokea mkondo juzi zinatofautiana sana, hata zikiwa wilaya moja.

Sekondari ya jumla kwenye kigezo hiki haina cha kujitetea. Vitendo vyake ni maabara za Fizikia, Kemia na Biolojia. Lakini anayefika MUST akiwa na Fizikia imara huelewa kwa nini saketi breka imekatika, hata kama bado hajawahi kuishika bisibisi ya kupimia. Hilo si dogo.

Cheti

Mkondo wa amali umepangwa umtoe mwanafunzi na vyeti viwili: cha kidato cha nne cha NECTA (Baraza la Mitihani) na cha ufundi stadi kilicho chini ya NACTVET (baraza linalosimamia elimu ya ufundi na ufundi stadi). Kwenye karatasi hakuna njia inayokaribia hapo kwa miaka minne. Ila kundi la kwanza, lile la 2024, linafika kidato cha nne mwaka 2027. Hadi hapo hakuna shule ya mkondo huu inayoweza kukuonyesha matokeo ya wahitimu wake, na anayekuhakikishia kwamba waajiri wanazigombania anakutabiria. Waulize mambo mawili: fani yao imesajiliwa NACTVET, na mwanafunzi atatahiniwa ngazi gani.

Sekondari ya jumla inatoa cheti kimoja, kinachofahamika na kila ofisi. Udhaifu wake unaonekana mtoto anapopata daraja la nne: cheti kipo, kazi haipo, na fani hana.

VETA hutoa Tuzo ya Taifa ya Ufundi Stadi, ngazi ya I hadi III, kila ngazi takriban mwaka mmoja. Wengi huishia ya II kwa kubanwa na fedha au kwa kuitwa kazini. Ukimpeleka, mpangie ya III tangu mwanzo, kwa sababu ndiyo inayofungua mlango wa stashahada, tena kwa mwenye cheti cha kidato cha nne pia. Kwa fani ya umeme kuna la ziada: kazi ya kufunga umeme wa nyumba hadi TANESCO waunganishe inapitia kwa mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na leseni huombwa kwa cheti. Fundi hodari asiye na karatasi huishia kufanya kazi akasaini mwingine, na malipo yakafuata sahihi.

Fedha

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia 2016, kwa amali na kwa jumla. Mzigo uko kwenye fomu ya kujiunga. Bweni linataka godoro, tranka, ndoo, shuka na, kwa ukanda huu, sweta zito na mablanketi mawili; Juni na Julai za Mufindi, Njombe na Makete hazina mzaha, na mtoto aliyetoka Kyela hajui baridi ni nini. Amali inaongeza ovaroli, viatu vya kazi vyenye ncha ya chuma, ubao wa kuchorea na T-skwea yake. Viatu usivinunue vikubwa ili "akue navyo". Kiatu kinachopwaya karakana ni hatari, na mguu wa miaka 14 utabadilika namba kabla soli haijaisha.

VETA kwa miaka mingi imetoza shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni katika vyuo vyake vya Serikali. Kiwango hicho huwavutia watu, kisha wanashtuka: sare, vifaa binafsi vya fani, bima, nauli ya fildi. Mwanafunzi wa kutwa anayetoka mbali hupanga geto Mbeya au Iringa mjini, na kodi pamoja na mkaa hupita ada mara kadhaa. Ukipata nafasi ya bweni, ichukue hata kama kuna shangazi mjini. Nyumba ya shangazi ina kazi zake.

Njia ya jumla ni nafuu mwanzoni na nzito mwishoni, kwani stashahada ni miaka mitatu zaidi ya kula na kulala. Bajeti ya 2023/24 ilitangaza kuondoa ada kwa wanaojiunga na vyuo vya ufundi vya DIT (Dar es Salaam), MUST na ATC (Arusha). Kabla hujaiweka kwenye hesabu zako, soma barua ya udahili ya mwaka wa mwanao: inataja kozi yake na michango iliyobaki.

Milango ya mbele, na suala la umri

Mtoto akimaliza la saba ana miaka 13 au 14. Akiingia VETA akiwa na 15 na kumaliza ngazi ya II akiwa na 17, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu aajiriwe mgodini, kiwandani au mahali pengine penye mazingira hatarishi hadi afikishe 18. Kiwanda cha mbao Mafinga chenye misumeno ya duara kinamkataa kwa haki. Familia nyingi hugundua hilo siku ya kupeleka barua ya maombi, kijana anabaki nyumbani mwaka mzima, mkono unasahau. Aliyepitia sekondari miaka minne kwanza haumizwi na hili.

Halafu kuna mlango wa nyuma. Mwenye cheti cha ufundi stadi bila kidato cha nne, akitaka siku moja kuwa fundi sanifu, atarudi kufanya mtihani wa maarifa, yaani QT, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Inawezekana, na wapo wanaofanya jioni baada ya kazi. Lakini ni miaka miwili ya usingizi mchache.

Kwa amali, tazama ratiba ya masomo ya sayansi. Mkondo huu haubebi masomo yote ya mkondo wa jumla. Sayansi hufuata fani. Mtoto anayeota uhandisi akawekwa kwenye fani isiyo na Fizikia wala Kemia atafika kidato cha nne na alama nzuri zisizomfikisha anakotaka. Swali hilo liulizwe Januari ya kidato cha kwanza, mbele ya mwalimu wa taaluma, ratiba ikiwa mezani.

Na fani ipi? Angalia barabara inayopita kwenu. Tunduma na Mbeya zina foleni za malori, hivyo injini za dizeli, umeme wa magari na breki za upepo havikosi kazi. Mafinga ni mbao: kunoa misumeno na kukausha mbao vinalipa kuliko kuzipasua. Njombe na Rungwe zimepanda parachichi, na parachichi likishachumwa linataka ubaridi. Mafundi wa majokofu hawatoshi. Mbarali ni mpunga, pampu na mashine za kukoboa. Chunya ni dhahabu, kuchomelea na mota. Ushonaji na mapishi vinafundishwa karibu kila chuo, na kwa sababu hiyo hiyo soko lake limejaa. Anayeingia huko aingie na mtaji wa cherehani au jiko mkononi.

Kwa hali yako

Mtoto ana alama nzuri za Hisabati, anapenda kufungua redio na kuzirudisha, na amepangiwa shule ya amali au ya ufundi yenye karakana inayofanya kazi: mpeleke, na usihangaike kumtafutia shule ya jumla yenye jina.

Karakana uliyoikuta ina kufuli, mwalimu wa fani ni mmoja na anafundisha shule mbili: afadhali mkondo wa jumla uliotulia, Fizikia na Hisabati zikisimamiwa kwelikweli, kisha chuo cha kati baada ya kidato cha nne.

Kijana amemaliza kidato cha nne kwa daraja la nne na umri ni 17 au 18: VETA hadi ngazi ya III. Cheti chake cha kidato cha nne, hata chenye D mbili tatu, kitunze kwenye plastiki. Kitahitajika ngazi ya III ikiisha.

Amemaliza la saba, darasani hasogei, na shule ni kilomita tisa kwa miguu: usikimbilie kumtoa. Jaribu kwanza hosteli au shule jirani. Ikishindikana, chuo cha ufundi stadi au cha maendeleo ya wananchi, ukijua hesabu ya umri iliyotajwa hapo juu.

Binti mwenye mtoto mchanga: Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho karibu na anayemsaidia kulea, hata kama fani zake ni chache.

Tayari ana miaka mitatu gereji ya Mwanjelwa au Ipogolo na kazi anaijua: hana haja ya kuanza ngazi ya I. VETA wana utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Aende na picha za kazi alizofanya na barua ya mwenye gereji, na ajiandae kufungua gia boksi mbele ya mtahini.

Bado umekwama kati ya mbili? Zitembelee zote siku ya kazi, saa nne asubuhi, bila kutoa taarifa. Simama nje ya karakana dakika kumi usikilize kama kuna mlio.